Mipira miwili: yaliyonipata baada ya kutolewa jiwe la figo

Assalaam aleikum ndugu zangu. Naandika haya kwa sababu wiki iliyopita jirani yetu hapa Amu (Lamu) amerudi kutoka Mombasa kutolewa jiwe la figo, nikaenda kumjulia hali nikamuuliza wamekuacha na nini ndani, akanambia hajui, labda hakuna kitu. Nilishtuka. Manake hilo "sijui" ndilo lililonitesa mie miezi mitatu na zaidi, na nusura nipoteze figo.

Mie ni nahodha wa boti, nabeba abiria wa Mokowe, ng'ambo ya bara, na wageni wa Shela na Manda, mwaka wa 17 sasa. Kazi hii ni jua tangu asubuhi mpaka magharibi na ukiwa na watu ndani ya boti huwezi kusimama ukaenda haja, kwa hivyo wengi wetu tumezoea tu kutokunywa maji, kikombe cha kahawa asubuhi na chengine alasiri barazani basi. Mkojo wangu ulikua na rangi ya chai ya rangi kwa miaka, nikaona ni kawaida kwa sababu wenzangu wote ni hivyo hivyo.

Maumivu yalianza Januari 2025, kaskazi imeshika na wageni ni wengi. Yanaanzia chini ya mbavu upande wa kushoto yanashuka mpaka kinenani na kwenye pumbu, na si maumivu ya kusema ukilala yatapoa, unageuka kila upande, unasimama, unachutama, unatapika, halafu yanaondoka ghafla kama hayakuwepo. Hapo ndipo unapojidanganya kwamba umepona. Wazee wakanambia ni ngiri, nikanywa miti karibu miezi miwili, na simlaumu mtu hapo manake hata mie nilitaka iwe ngiri kwa sababu miti ni rahisi kuliko Mombasa. Ramadhani ilipoingia Machi nikafunga hivyo hivyo na kazini naenda, na kumi la pili usiku mmoja nikakojoa damu. Mke wangu alipoona hakuniuliza tena, asubuhi tukaenda hospitali.

Hapa Amu nilifanyiwa ultrasaundi, ikaonyesha figo la kushoto limefura kwa maji lakini jiwe lenyewe halikuonekana. Daktari akanieleza vizuri kabisa kwamba jiwe likishatoka kwenye figo likaingia kwenye ule mrija wa kushuka kibofuni, ultrasaundi mara nyingi hailioni, inatakikana CT skani, ile eksrei ya kompyuta, na hio ni Mombasa. Kwa hivyo mtu akikwambia ultrasaundi haijaonyesha jiwe na maumivu bado yako, usirudi nyumbani ukakaa.

Idd niliila kitandani. Baada ya Idd tukavuka Mokowe tukapanda basi. CT ilinitoka shilingi 9,500 na ikaonyesha jiwe la milimita 11 limekwama juu ya mrija. Nikaambiwa jiwe la chini ya milimita 5 mara nyingi hutoka lenyewe kwa maji na dawa, lakini likipita 10 kutoka lenyewe ni nadra, na figo langu lilishaanza kuumia. Gharama ya kulivunja kwa leza ilikua 210,000. SHA, ile bima ya afya ya serikali, nilikua nimejisajili tu, sijalipa, manake sisi wa kazi za kujitegemea tunatakiwa tulipe ya mwaka mzima kwa mpigo na mie kila siku nasema mwezi ujao. Nikauza mashine yangu ya boti ya akiba, ndugu wakachanga, mamangu akatoa bangili yake. Hio bangili mpaka leo inaniuma.

Operesheni yenyewe haikua ya kupasuliwa. Wanakudunga sindano ya mgongo, nusu ya chini yote inakufa ganzi, halafu wanapitisha kamera nyembamba kwenye njia ya mkojo mpaka kibofuni na kupanda juu kwenye mrija mpaka kwenye jiwe, wanalivunja vunja. Nilikua macho nasikia sauti zao. Haikuniuma hata kidogo.

Sasa hapa ndipo pa kusikiliza. Jioni daktari alipita kwa haraka, ana wagonjwa wengi, akanambia jiwe limekwisha, tumekuwekea mpira, utatolewa baada ya wiki tatu. Mie nikajitazama, nikaona mpira wa mkojo umetoka kwenye uume unaingia kwenye mfuko pembeni ya kitanda. Nikajua anasema huo. Asubuhi ya pili sista akaja akautoa. Nikashangaa kidogo manake nimeambiwa wiki tatu, lakini sikuuliza. Niliona haya, pale wodini tuko wanaume sita na sista ni msichana mdogo sawa na binti yangu, nikasema labda wameona nimepona mapema. Kumbe kulikua na mipira miwili. Mmoja wa nje ule unaouona, na mwengine uko ndani kabisa, unaitwa stenti, ni kijimrija chembamba laini kimejikunja ncha zote mbili, ncha moja imekaa kwenye figo na nyengine kwenye kibofu. Huo huuoni, huushiki, hakuna kinachoning'inia nje. Kazi yake ni kuuweka mrija wazi mkojo upite wakati kidonda na uvimbe vinapoa.

Karatasi ya kutoka hospitali ilikua imeandikwa kwa Kizungu cha madaktari, kuna mahali imeandikwa "DJ stent" halafu mbele "3/52". Mie nikadhani ni nambari ya faili. Kumbe DJ ni jina la ule mpira wa ndani na 3/52 maana yake wiki tatu. Hapo hospitali ile imenikosea na nasema kwa moyo wangu wote, mtu ametoka Amu, hajui lugha ya karatasi, mwambieni kwa Kiswahili una kitu ndani ya mwili wako na tarehe fulani lazima kitoke, mwandikieni hio tarehe kwa herufi kubwa. Na mie nimejikosea kwa kutouliza.

Kosa langu la pili lilinifuata siku hio hio. Kabla ya kuruhusiwa sista aliniuliza umekojoa? Nikasema ndio. Yalikua ni matone tu lakini nilitaka kutoka, bili inapanda. Nikalala kwa mamangu mdogo Mji wa Kale, nimeambiwa nywa maji mengi na mie nikanywa mengi kweli, na dawa ya maumivu nikanywa, ile tramadoli. Usiku kucha nakwenda chooni kila robo saa, yanatoka matone, chini ya kitovu panajaa. Alfajiri nikapanda basi la Amu. Kufika daraja la Kilifi jasho linanitoka, kufika Malindi siwezi kukaa wala kusimama, nikamshika konda mkono nikamwambia ndugu yangu nishushe hapa nitakufa. Akanishusha na akaniitia tuktuk mwenyewe, Mungu amjaze kheri.

Hospitali ya Malindi sista alinipapasa tumbo tu akajua. Wakaniingiza mpira wa mkojo tena na zikatoka mililita 1,100 wakati kibofu cha kawaida kikifika 400 au 500 mtu ashabanwa vizuri. Nililia pale, si kwa maumivu, ni kwa ile raha ya kufunguka. Daktari akanieleza kwamba kibofu kililala. Sindano ya mgongo inakilaza, tramadoli inakilaza, na mie nilikua siku ya nne sijapata choo kikubwa, na tumbo likifunga choo nao mkojo unabanwa. Na yale matone sio kukojoa, ni kibofu kimejaa kinafurika, kama pipa la mvua. Kwa hivyo usiondoke hospitali mpaka umekojoa mkojo wa kueleweka, unatoka kwa mkondo, na ukipata nafasi waombe wakupime kwa ultrasaundi waone umebaki kiasi gani ndani. Usimdanganye sista kwa ajili ya basi.

Dadangu ameolewa Malindi, Shela, si Shela yetu, Shela ya Malindi. Nilikaa kwao siku kumi na ule mpira na mfuko wake. Siku mbili za kwanza sikutoka chumbani kwa aibu, mpaka shemeji akaingia akakaa kitini akanambia, "Shemeji, hata babangu alikua nao mwaka mzima na msikitini alikua akienda." Ikanipa nguvu. Jambo lililonikera zaidi lilikua swala, najiuliza nitaswali vipi na mkojo unatoka muda wote bila hiari yangu. Tukamuuliza imamu, akasema hio ni hali ya mwenye udhuru, wakati wa swala ukiingia unajisafisha, unatia udhu, unaswali hapo hapo, na kila faradhi unatia udhu upya, wala usijinyime. Naandika hili kwa sababu najua kuna wazee wanakataa kuwekewa mpira kwa hofu hio.

Mfuko lazima ukae chini kuliko kibofu, ukiuinua juu mkojo unarudi ndani na unarudi na wadudu. Unamwagwa ukikaribia kujaa, usingoje uwe mzito uvute. Pale unapoingilia osha kwa maji na sabuni tu kila siku, usipake mafuta wala dawa ya kienyeji, na angalia usiulalie ukaukunja, mie usiku mmoja niliamka nimebanwa kumbe nimeukalia tu. Mkojo ukiwa na damu kidogo nyepesi kama juisi ya tikiti usiogope, ukiwa mzito una mabonge au mpira umeacha kutoa mkojo kabisa nenda hospitali saa hio hio.

Waliniachisha tramadoli, wakanipa dawa ya kulainisha choo na vidonge vya tamsulosini vya kulegeza njia. Siku ya kumi wakautoa asubuhi, wakanambia huondoki hapa, kunywa maji. Saa saba mchana nikakojoa mkondo mzuri, wakapima ndani zimebaki mililita 40. Nikaruhusiwa. Na mie moyoni nikasema ule mpira wa wiki tatu ndio huo ushatolewa, nimemaliza. Kila kitu kiliingiana na fikra yangu ya makosa. Waliponiuliza historia niliwaambia nimevunjwa jiwe Mombasa, karatasi sikuitoa, iko ndani kabisa ya begi.

Nikarudi Amu. Mei, Juni, Julai. Hali yangu haikua hali. Nakojoa mara 20 kwa siku, nikibanwa ni papo hapo sina dakika mbili, na jambo la ajabu nikianza tu kukojoa figo la kushoto linavuta kama limefungwa kamba. Nikifanya kazi nzito siku hio mkojo unakuja mwekundu, nikipumzika unasafika. Nikaamini operesheni imeharibika, au jiwe lengine, au mie ndio basi tena. Na mke wangu nilimkimbia, tuseme ukweli, miezi yote ile nalala chumba cha nje nasingizia joto. Mara mbili nilikwenda kliniki nikapewa antibayotiki, mkojo haukuoteshwa maabara kutafuta wadudu, na hakuna aliyeniuliza una stenti? Leo najua kwamba zile dalili zote ndizo dalili za stenti yenyewe. Ncha ya chini inakisugua kibofu ndio unabanwa kila mara na kutoa damu ukijitikisa, na kwa kuwa ule mrija uko wazi, ukikojoa mkojo mwengine unarudi juu kwenye figo ndio ule mvuto. Haina maana operesheni imeharibika, inaudhi tu, na tamsulosini inawasaidia wengi na mie ndio nilikua nimezimaliza. Lau ningeambiwa tangu mwanzo ningevumilia wiki tatu bila hofu.

Mwisho wa Julai, kusi limekaza bahari ni chafu hata boti tunafunga, usiku mmoja nikatetemeka meno yanagongana, blanketi tatu hazinitoshi. Joto 39.4. Hapa kwetu mtu akitetemeka ni malaria, nikapimwa hakuna malaria, nikataka kupewa dawa za malaria hivyo hivyo nirudi nyumbani. Binamu yangu ni nesi, akanifokea mbele ya watu. "Kaka, wewe umefanyiwa figo halafu unatetemeka, unataka kwenda wapi? Karatasi zako ziko wapi?" Mke wangu alikua ameziweka kwenye sanduku pamoja na hati za nyumba. Binamu akaisoma ile karatasi ya Mombasa akanyamaza, akaisoma tena, akaniuliza, "Stenti walikutoa lini?" Nikamwambia mpira walinitoa Malindi. Akasema si huo.

Nikapigwa eksrei. Ile picha sitaisahau, uti wa mgongo uko katikati na pembeni kuna mstari mweupe mrefu umejikunja juu kama ndoana na chini pia ndoana. Mimi nimevua samaki tangu utoto, kuona ndoana mbili ndani ya tumbo langu mwenyewe nilikosa la kusema. Na ile ndoana ya chini ilikua nene kuliko ya juu. Nikaelezwa kwamba stenti haikai milele, kawaida ni siku chache mpaka wiki kadhaa, na wanaotakiwa kukaa nayo kwa muda mrefu hubadilishiwa, kawaida kila miezi mitatu mpaka sita. Ikisahaulika, chumvi za mkojo zinaigandia, inaota mawe yake yenyewe, inaziba, na wadudu wanafanya makao. Mtu aliyetoa jiwe ndio mwepesi zaidi wa kuigandisha. Na homa ya kutetemeka pamoja na figo lililoziba ni hatari ya roho, sumu inaingia kwenye damu, si ya kungoja kesho wala kununua vidonge dukani.

Nililazwa siku tano nachomwa sindano, safari hii mkojo ukaoteshwa ikajulikana dawa gani inafaa. Homa iliposhuka tukaenda tena Mombasa. Kama ningetoa stenti kwa wakati wake ilikua ni kazi ya dakika chache, wanakutia jeli ya ganzi, kamera inaingia, wanaishika wanaivuta, unaenda nyumbani siku hio hio. Kwangu ilibidi nidungwe tena sindano ya mgongo, wavunje kwanza kwa leza yale mawe yaliyoota kwenye ncha ya kibofuni ndio itoke. Alhamdulillahi ile ya juu haikua imegandiwa sana, ikafuata. Daktari alinambia wengine hufunguliwa mpaka kwenye figo, na wengine figo linakua lishakufa. Bili ilifika 95,000, na SHA ambayo safari hii nilishailipa ya mwaka ilibeba sehemu. Ukihesabu nauli za watu wawili, kulala, chakula na siku ambazo boti ilikua imefungwa, kutoelewa neno moja kulinigharimu zaidi ya laki moja na nusu.

Kabla ya kutoka nilikojoa mbele ya kipimo mara mbili, sikukubali kuondoka. Na nilimshika daktari nikamuuliza polepole, kuna chochote kimebaki ndani yangu? Akasema hakuna. Nikamwambia niandikie. Akaandika. Siku mbili mkojo ulichoma, siku ya tatu nikaamka alfajiri nimelala usiku mzima bila kwenda chooni, nikamwamsha mke wangu kumwambia.

Jiwe lilipimwa likaonekana ni la kalsiamu na oksaleti, ndilo linalowapata watu wengi. Hapa Amu tunapenda kusema mawe ni maji ya visima yenye chumvi, daktari akanambia kwangu mie tatizo la kwanza ni uchache wa maji, natakiwa ninywe mpaka nikojoe lita mbili na zaidi kwa siku, na mtu wa juani anywe zaidi. Nipunguze chumvi, na hapo ng'onda, ule samaki mkavu wa chumvi, na achari vimenitoa machozi, mchicha na njugu nisivikithirishe, lakini maziwa nisiache, nilikua nimeacha kwa kusikia ni kalsiamu na kumbe kuacha ni vibaya. Ndimu nakamua kwenye maji kila siku. Kwenye boti nina dumu langu la lita tano, na abiria wakiona nimesimamisha gati la Mokowe dakika mbili wanajua nimekwenda wapi. Bibi yangu alikua akitwambia "nwani mai wanangu", yaani kunyweni maji, tangu tuko wadogo na tukimwona anasumbua. Novemba nilipigwa ultrasaundi, figo limerudi, maji hayamo.

Na yule jirani, nilimwambia nitolee karatasi yako. Alikua ameikunja mfukoni mwa kanzu. Tukaisoma pamoja kwa simu na binamu yangu yule nesi, ipo, "DJ stent", na mbele imeandikwa 4/52. Tumehesabu wiki nne kutoka siku ya operesheni, inaangukia Jumanne, mtoto wake ameiandika kwa kalamu nyekundu kwenye kalenda ya ukutani. Jumatatu alfajiri namvusha mie mwenyewe Mokowe apande basi.